Spoki Katika Pampu ya Maji

Katika gereji ya Absalom Wanyonyi hapo Kiminini kuna kofia ya rejeta iliyochomelewa vali ya baiskeli katikati. Hakuna duka linaloiuza. Aliitengeneza mwenyewe, na huitumia kutafuta mahali ambapo maji ya injini yanavuja. Injini ikiwa baridi, huifunga kofia hiyo kwenye mdomo wa rejeta, huunganisha pampu ya mkono ya baiskeli, hujaza upepo kidogo kidogo, kisha huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kungoja. Upepo ukibaki ndani, njia zote za maji ni nzima. Ukipungua, maji yanatoka mahali fulani, na kazi inayobaki ni ya macho.

Mafundi wa jirani humtania. "Baba Joy, hiyo ni pikapu ama ni baiskeli ya kubeba maziwa?" Yeye hujibu kwamba upepo haujui tofauti.

Baiskeli ndiyo iliyomlea. Alizaliwa Kabuchai, katika boma lililozungukwa na miwa, akaacha shule akiwa darasa la saba. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa tayari na kibanda cha bati karibu na stesheni ya reli mjini Bungoma, akiziba panchari. Siku hizo teksi za mji zilikuwa baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, na kila asubuhi waendeshaji walipanga foleni mbele yake. Mbali na mipira, aliletewa pia ndoo, birika, madebe na sufuria. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi ya Absalom ilikuwa moja: kutafuta tundu na kuliziba. Alikuwa na beseni la maji la kuonyesha mapovu, na alikuwa na mkono mwepesi. Watu walisema kwamba kitu kikivuja mbele ya Absalom, kimeomba kuzibwa.

Kisha pikipiki ziliingia Bungoma, na foleni ikaanza kupungua hadi ikabaki ya watu watatu. Absalom alifunga kibanda, akahamia Kitale na kuajiriwa na fundi wa magari ya dizeli aitwaye Kang'ethe, mtu asiyependa maneno mengi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini kasoro mmoja alipoanza kujifunza upya, akishika spana na kukaa kimya. Baada ya miaka mitano aliondoka kwa heri, akakodi kiwanja kando ya barabara ya kwenda Webuye, akaezeka mabati na kuandika jina lake kwa rangi nyekundu. Sasa ana miaka hamsini na sita. Mkewe, Edinah, anauza chai na mandazi kwenye lango la gereji hiyo.

Mwezi wa Septemba, siku ya Jumanne, pikapu ya bluu iliyopauka ililetwa Kiminini ikivutwa na trekta. Ilikuwa pikapu ya dizeli ya zamani, yenye kingo za mbao nyuma, mali ya Mwalimu Chelagat, mwalimu mkuu mstaafu ambaye shamba lake liko juu ya Endebess, chini ya msitu wa Elgon. Kila Jumatatu pikapu hiyo huteremsha kabichi na karoti hadi soko la Chwele. Dereva wake, Kipkoech, alikuwa ameiendesha kwa miaka tisa. Aliruka kutoka kwenye usukani akiwa na fulana ileile ya jana, imejaa vumbi.

"Mulembe, fundi," alisema, akimsalimia kwa lugha ya akina Absalom.

"Chamgei," Absalom alimjibu kwa lugha ya akina Kipkoech. "Leo umevutwa kama ng'ombe ya mnada?"

"Wacha tu, mzee. Imechemka jana pale mlima ya Kamukuywa. Nimelala kwa gari. Kabichi watu wa pale walichukua kwa bei ya huruma."

"Uliendesha mpaka wapi na hiyo joto?"

"Sijaendesha hata hatua moja! Sindano ya joto imeguza nyekundu, nikazima. Ikateremka peke yake mpaka kando. Watu wa boda wakakuja hapo, na unajua hao, kila mtu ni fundi. Mmoja ati niweke unga ya mahindi kwa rejeta, itaziba. Mwingine ati yai mbichi. Nikawauliza, bana, mnataka nipike nini huku ndani?"

Absalom alicheka. "Sukuma wiki hawakuleta?"

"Si wangeleta tu, kama ningekaa."

Waliisukuma pikapu hadi chini ya mabati. Absalom alifungua boneti, akaigusa injini kwa kiganja. Ilikuwa imepoa kabisa. Alifungua rejeta na kuona kwamba maji yalikuwa chini sana, kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi kama kawaida ya dizeli, bila ukungu wa maziwa. Maana yake maji hayakuwa yameingia kwenye oili. Alipangusa kijiti na kukirudisha.

Mwalimu Chelagat alifika saa nne kamili kwa pikipiki, mkoba mkononi. Hakuketi alipopewa kiti.

"Fundi, sikuja kuuliza itatengenezwa lini," alisema. "Nina swali moja, na ninataka jibu leo. Kwa wiki tano Kipkoech amekuwa akiniambia kwamba gari linakunywa maji. Kila asubuhi mimi mwenyewe hutoka na tochi, ninainama na kuangalia chini. Pakavu. Hakuna hata tone. Sasa maji yanakwenda wapi?"

"Mwalimu, mimi huweka maji kila siku," Kipkoech alisema.

"Nyamaza kwanza. Marehemu mume wangu alinionyesha gari hili kipande kwa kipande. Alinionyesha tundu lililo chini ya pampu ya maji. Akaniambia, pampu ikitaka kufa, hudondosha hapo, hata mtoto ataona. Kwa hiyo si pampu. Rejeta ni kavu. Mipira ya maji ni mikavu. Imebaki dereva ambaye haweki maji na ananiambia ameweka." Alimgeukia Absalom. "Nyumbani kwetu kanuni ni moja. Dereva anayechoma injini anaacha funguo mezani. Nimekwisha kumpata mwingine pale Endebess, anaanza kesho. Kama kosa si la Kipkoech, niandikie."

"Nitakuambia, Mwalimu."

"Sijasema uniambie. Nyinyi wanaume mtakunywa chai hapa, muelewane. Weka kwenye karatasi, utie sahihi, uandike maji yalikuwa yakipita wapi na kwa nini mimi sikuyaona. Nina mkutano wa akina mama wa kanisa Kitale. Nitarudi saa tisa."

Alipanda pikipiki akaondoka. Kipkoech aliutazama moshi wake mpaka ukaisha.

"Umeona?" alisema. "Miaka tisa, nimekuwa mtoto wa darasa la pili. Hata kwenda choo nainua mkono."

"Leta ndoo," Absalom alimwambia.

Alijaza rejeta maji safi, akaifunga kwa kofia yenye vali na kuanza kupampu. Alihesabu mipigo kumi na miwili, akaacha, akaketi kwenye ndoo. Kwa dakika mbili hapakuwa na kitu. Kipkoech alilala chini na kutazama tumbo la injini.

"Huku ni kavu, mzee."

"Ngoja."

"Kavu kama Turkana."

"Nimesema ngoja. Lejeta haina haraka."

"Ni rejeta, mzee."

"Hiyo ya kwenu ni rejeta. Hii yangu ni lejeta, na ndiyo itasema ukweli."

Katika dakika ya nne Absalom alisikia mluzi mwembamba, mdogo kuliko wa mbu. Aliingiza kioo cha mkono nyuma ya feni. Pale mhimili wa pampu ya maji unapotokea mbele kushika puli, palikuwa na mstari wa unyevu, na juu ya chuma palikuwa na alama za kutu zilizotawanyika kama matone ya rangi iliyorushwa kwa brashi. Alishika bawa la feni akalitikisa. Lilicheza mbele na nyuma kama jino bovu.

"Ni pampu," alisema. "Beringi imekwisha. Maji yanatoka hapa mbele injini ikiwa na moto. Feni inayapiga, yanakuwa mvuke, yanakaukia kwa injini. Ukifika nyumbani joto inashuka, inawacha kuvuja. Ndiyo maana asubuhi ni kavu."

Kipkoech alipiga goti lake kwa kofi. "Si nilisema! Wiki tano nasema! Andika hiyo basi."

"Atauliza ile tundu ya chini. Kwa nini haikudondosha."

"Kwani kwa nini haikudondosha?"

"Sijajua," Absalom alisema, na wakati huo alikuwa hajajua. "Enda Kitale ulete pampu nyingine na gasketi yake. Uwaambie ni ya injini hii, uwaonyeshe namba nitakuandikia. Usikubali ya kufanana."

Kipkoech alipoondoka, Absalom alifungua koki ya chini ya rejeta na kuyamwaga maji kwenye beseni. Alilegeza mkanda, akatoa feni, akafungua bolti za pampu moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya kadibodi kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, kwa kuwa urefu wake haufanani. Pampu ilishikilia kidogo, akaigonga kwa mpini wa nyundo, ikaachia. Aliigeuza mikononi ili kuona tundu la chini.

Tundu hilo lina upana wa penseli, na waliotengeneza injini waliliweka makusudi. Ndani ya pampu kuna kizuizi kinachotenga maji na beringi. Kizuizi kikianza kuchoka, maji machache hupenya, nayo hutokea hapo chini, yakadondoka mbele ya macho ya mwenye gari. Kama tundu limezibwa, maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya beringi. Huosha grisi polepole, wiki baada ya wiki, mpaka beringi ianze kula chuma chake yenyewe.

Tundu la pampu hii lilikuwa limezibwa. Ndani yake palikuwa na kipande cha spoki ya baiskeli, kimezungushiwa utepe wa mpira mwembamba wa ndani na kupakwa gundi ya chuma. Ncha yenye hesi ilikuwa imetazama ndani.

Absalom alikitazama kwa muda. Alichukua koleo na kukichomoa, akakiweka juu ya kadibodi kando ya bolti. Hakukuwa na fundi mwingine kati ya Kitale na Bungoma aliyeziba namna hiyo. Alikumbuka siku yenyewe pia. Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Mei. Kipkoech alikuwa amekwenda kwao kuzika, na pikapu ililetwa na mpwa wa Mwalimu, kijana mwenye haraka, akilalamika kwamba inadondosha maji na kesho ni soko. Kang'ethe alikuwa amewahi kumwonya Absalom kuhusu tundu hilo, kwa sentensi moja tu, miaka mingi iliyopita. Lakini Jumapili hiyo tone lilidondoka, mkono ukaenda kwenye mkebe wa spoki, na baada ya robo saa pikapu ilikuwa kavu. Kijana alifurahi. Absalom hakumwambia mtu, na kabla ya wiki kuisha alikuwa amesahau.

Aliinuka, akachukua mkebe wake wa vipande vya chuma chakavu na kukitupa kile kipande humo. Mkebe ulikuwa na mamia ya vitu vya aina hiyo. Kisha akaanza kukwangua gasketi ya zamani kwenye uso wa injini kwa kisu.

Edinah aliingia na kikombe cha chai. Alikuwa na kawaida ya kuuliza kila gari lina ugonjwa gani, kisha kwenda kuwaeleza wateja wake langoni kana kwamba amelitibu yeye.

"Hii ya Mwalimu ni nini?"

"Pampu."

"Na yule dereva? Nasikia anafutwa."

"Nani amekuambia?"

"Ameniambia mwenyewe. Amenunua mandazi nne hapo, ati ya kuagana." Aliweka kikombe juu ya tangi la zamani, akaona utepe wa mpira ulioanguka chini, umejikunja bado kwa umbo la kitu ulichozungushiwa. Aliuokota. "Hii si ya baiskeli?"

Absalom aliendelea kukwangua.

"Baba Joy, nakuuliza. Hii ilikuwa kwa gari ya Mwalimu?"

"Ilikuwa."

"Mimi sijui injini," Edinah alisema. "Lakini hii najua. Ulikata ile tyubu ya baiskeli yangu, ukaniambia ati imechoka."

"Ilikuwa imechoka."

"Sawa. Wewe tyubu huzungushia spoki. Na hiyo spoki iko wapi?"

Edinah aliuweka utepe juu ya kadibodi, mahali palepale pa kando ya bolti, akaufunika kwa kofia ya rejeta usipeperuke, akarudi langoni. Absalom alimaliza kukwangua. Alipangusa uso wa chuma kwa kitambaa chenye petroli mpaka ukang'aa. Kisha akavuta mkebe wa chuma chakavu, akaumwaga chini wote, na ikamchukua dakika kadhaa kupata kile kipande.

Kipkoech alirudi saa saba na nusu na pampu mpya ndani ya boksi. Absalom aliilinganisha na ya zamani, akahesabu matundu ya bolti, akaizungusha kwa kidole. Alipaka gasketi grisi nyembamba pande zote mbili, akaibandika, na Kipkoech akaishikilia pampu wakati bolti zikiingia. Walikaza kwa kupishana, moja juu, nyingine chini upande wa pili, mara tatu kwa awamu, ili uso ukae sawa.

"Nikifutwa nitanunua pikipiki," Kipkoech alisema, akiwa ameinama kando yake. "Nitakaa pale Kamukuywa. Gari ya mtu ikichemka, nakuja mbio na trei ya mayai."

"Shika hapo vizuri."

"Nimeshika. Lakini mzee."

"Eh."

"Usiniandikie uongo ya kunisaidia. Huyo mama amesahihisha mitihani miaka thelathini, ataona. Andika tu chenye umeona."

Absalom alikaza bolti ya mwisho. "Nimesikia," alisema.

Walirudisha feni na mkanda. Halafu waliisukuma pikapu mpaka magurudumu ya mbele yakapanda juu ya mbao mbili, pua ikiwa juu, kwa sababu upepo uliobaki ndani ya maji hupanda, na ni lazima upewe njia ya kutokea. Absalom alichanganya maji na dawa ya kijani ya kuzuia kutu, akajaza rejeta taratibu, akafungua hita ya ndani, akawasha injini bila kufunga kofia. Alikuwa akibana mpira wa juu kwa mkono kila baada ya muda. Mapovu makubwa yalitoka, kisha madogo, kisha hayakutoka tena. Alikaa akiutazama uso wa maji kwa dakika ishirini. Kama kichwa cha injini kingekuwa kimepinda kwa joto, mapovu yasingeisha kamwe. Uso ulitulia kama chai iliyosahauliwa.

"Ulizima mapema," alimwambia Kipkoech.

"Si nilikuambia."

"Uliniambia. Sasa imeniambia na yenyewe."

Aliomba Edinah karatasi. Edinah alichana ukurasa katikati ya daftari lake, akampa na kalamu, akabaki amesimama. Absalom aliandika akiwa ameegemea boneti, polepole, kwa herufi kubwa za darasa la saba. Mkono uliokuwa mwepesi kwa kila kitu kingine ulikuwa mzito kwa kalamu.

Mwalimu Chelagat alirudi saa tisa na dakika tano, akaomba radhi kwa dakika hizo tano. Absalom alimpa karatasi, na juu ya karatasi aliweka kile kipande cha spoki na utepe wake. Mwalimu alivaa miwani.

Karatasi ilisema hivi: *Mimi Absalom Wanyonyi fundi wa Kiminini. Nimefungua pampu ya maji ya pikapu ya Mwalimu Chelagat. Beringi ya pampu imekufa. Maji ilikuwa inatokea mbele na kukaukia kwa injini wakati gari inatembea. Chini ilikuwa kavu kwa sababu tundu la pampu lilizibwa na spoki ya baiskeli. Hiyo spoki niliweka mimi mwezi wa tano wakati gari ililetwa na mpwa wa Mwalimu. Sikumwambia mtu. Kama singeziba Mwalimu angeona maji na pampu ingebadilishwa mapema. Dereva alizima injini kwa wakati. Kichwa ni kizima. Kosa si la Kipkoech.*

Mwalimu aliisoma mara mbili. Kipkoech, ambaye hakuwa ameiona, alikuwa akijaribu kusoma uso wake badala ya karatasi. Mwalimu alitoa kalamu kwenye mkoba, akatia koma mahali pawili, kisha akajishtukia na kuifunga.

"Kwa nini uliliziba?" aliuliza.

"Lilikuwa linavuja, Mwalimu."

"Lakini hiyo ndiyo kazi yake."

"Najua. Mwalimu wangu wa Kitale aliniambia. Mkono ukaziba kabla kichwa hakijakumbuka."

"Nilimwamsha huyu saa kumi na moja alfajiri," Mwalimu alisema, akimwonyesha Kipkoech kwa miwani. "Nikamwambia ainame na yeye aone kulivyo kavu. Nikamwambia mbele ya wafanyakazi kwamba ni mwongo. Kwa ajili ya kitu hiki." Aliinua spoki kati ya vidole viwili.

Kipkoech aliangalia viatu vyake.

"Umeziba ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Nini?"

"Magari. Namna hii. Ngapi?"

Absalom hakuwa amejiuliza. Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitembea. "Saba," alisema. "Kuna moja ya Bungoma sina hakika. Labda nane."

"Na wenyewe wanajua?"

"Hapana."

Mwalimu alikunja karatasi mara mbili na kuitia mkobani pamoja na spoki. "Umeandika ukweli na nimeuchukua," alisema. "Lakini kuanzia leo gari langu litatengenezwa Kitale. Sitakudanganya." Kisha akamgeukia dereva wake na kunyoosha mkono. "Kipkoech. Funguo."

Kipkoech alizitoa mfukoni, akazitazama, akampa. Uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika. Mwalimu alifungua mlango wa upande wa abiria, akaingia, akaketi na kufunga mkanda, akazichomeka funguo mahali pake.

"Unangoja nini hapo? Kabichi za Jumatatu zitajikata zenyewe?"

"Mwalimu, wewe utaua mtu na presha, bana!" Kipkoech alisema, akazunguka mbio hadi upande wa usukani.

Absalom alikataa malipo ya kazi, na Mwalimu hakubishana. Pikapu ilirudi nyuma kutoka kwenye mbao, ikaingia barabarani kuelekea Kitale. Edinah alikusanya vikombe.

"Umempoteza mteja," alisema.

"Nimempoteza."

"Na karatasi ya daftari langu imeenda. Ile ya katikati, ikitoka moja na ya pili inalegea."

Jumatatu iliyofuata, kabla ya saa tatu, simu ya Absalom ililia. Alikuwa Kipkoech, akipiga kelele juu ya kelele za soko la Chwele. "Mzee! Wewe hukusema saba? Moja iko hapa. Ile nyeupe ya viazi, taa moja imepasuka. Nimeinama nikaona. Kuja na koleo."

Absalom alifunga gereji, akapeleka funguo kwa Edinah. Alifika Chwele saa nne na nusu akiwa na mfuko wa spana. Pikapu nyeupe ilikuwa ya mfanyabiashara wa viazi aitwaye Kabiru, ambaye alimkumbuka vizuri na kumsalimia kwa mikono miwili. Gari lilikuwa halijamsumbua tangu aliponunua dawa ile ya spoki, alisema, na wenzake aliwaambia wote waende Kiminini.

"Nataka kuitoa," Absalom alisema.

"Kutoa nini?"

"Ile spoki. Nilikosea kuiweka."

"Fundi, gari halivuji!"

"Ndiyo shida yenyewe."

Ilichukua muda. Kabiru alileta shahidi, na shahidi akaleta maoni, na madereva waliokuwa wakipakua mizigo walikusanyika. Kipkoech alieleza habari ya Kamukuywa kwa mikono yote miwili, na katika maelezo yake trei ya mayai ilikuwa imekwisha kuwa trei tatu. Mwishowe Kabiru alifungua boneti kwa hasira ya mtu aliyeshindwa hoja. Absalom aliingiza mkono chini ya pampu, akashika ncha ya chuma kwa koleo, akaizungusha mara mbili na kuivuta.

Kwa muda wa pumzi mbili hapakuwa na kitu. Kisha tone la kwanza lilitokea kwenye tundu, likaning'inia, likaanguka juu ya udongo wa soko, na la pili likalifuata.

"Ona sasa!" Kabiru alipiga kelele. "Mtu ametoka Kiminini na nauli yake mwenyewe kuja kunivujishia gari!"

Watu walicheka. Kipkoech alisukuma kopo tupu la rangi chini ya tundu kwa mguu, na maji yakaanza kugonga humo, tone moja moja.

"Utaliendesha hivyo hadi Ijumaa, ukiongeza maji kila asubuhi," Absalom alimwambia Kabiru. "Ijumaa uje, tubadilishe pampu. Ukiona kopo limejaa kabla ya siku hiyo, usingoje."

Alitia spoki mfukoni. Halafu akamuuliza Kipkoech kama anafahamu lori dogo la mbao la Kabuchai, la rangi ya kijani, lenye maandishi ya injili kwenye kioo.

"Nalifahamu," Kipkoech alisema. "Hupakia hapo mbele, karibu na kinu. Twende kabla halijaondoka."